Kwizi za anatomia mtandaoni: zitolewe alama, au ziwe za kujifunzia tu?

Mratibu_Kozi
Naweka hoja mezani. Anatomia ya mwaka wa kwanza, wiki 15. Pendekezo ni kila Jumatatu ifunguliwe kwizi ya maswali 15 kwenye Moodle (mfumo wetu wa masomo mtandaoni), ifungwe Jumapili saa sita usiku, mwanafunzi airudie kadiri apendavyo, na alama yake ya juu kabisa iingie kwenye alama za kozi kwa asilimia 10. Wanaounga mkono wanasema bila alama hakuna atakayeifungua. Wanaopinga wanasema ukiweka alama umeligeuza zoezi kuwa mtihani. Karibuni, ila "sisi zamani hatukuwa na kompyuta na tulifaulu" si hoja.

Takwimu_Tupu
Kabla ya alama, tuelewane kwizi inafanya nini kichwani. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha maandishi. Kundi moja lilikisoma mara 4. Jingine lilikisoma mara 1, kisha likajaribu mara 3 kuandika linachokumbuka bila kuchungulia. Baada ya dakika 5 wasomaji waliongoza, asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja wasomaji walibaki na 40, wenzao 61. Mtego ndio huo: anayerudia kusoma usiku wa kuamkia mtihani anajiona anajua, na usiku ule ni kweli anajua.

Mwaka 2008 walirudi na maneno 40 ya Kiswahili (ndiyo, Kiswahili hiki hiki, kwa sababu wanafunzi wale hawakukijua) wakayaoanisha na maana zake za Kiingereza. Neno likishakumbukwa mara moja, walioendelea kujiuliza bila kulisoma tena walikumbuka takriban asilimia 80 baada ya wiki. Walioendelea kulisoma bila kujiuliza waliambulia kama theluthi moja. Neva, msuli na ateri vina majina ya kukariri vilevile. Kwa hiyo swali la kama kwizi inafundisha limeshajibiwa. Limebaki swali la namna ya kuipanga.

Meza_ya_Kadava
Maneno 40 hayana upande wa nyuma, mkuu. Kwenye atlasi, kitabu cha picha za mwili, neva ni ya njano, ateri nyekundu, vena ya bluu. Kwenye mwili uliolala formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, vyote ni rangi moja ya udongo. Unavitofautisha kwa vidole: ateri ina ukuta mnene na inabaki mviringo ukiibana na kuiachia, vena inalala bapa, neva ni kamba isiyo na tundu ndani. Kwizi ipi itafundisha hilo?

Halafu miili haifanani. Kuna watu hawana kabisa msuli wa palmarisi longusi, ule mwembamba wa kigasha. Kuna ambao neva ya siatiki, ile kubwa ya mguu, imegawanyika mapema, tawi lake moja likapenya katikati ya msuli wa piriformisi ndani ya kalio. Mwanafunzi aliyelelewa na picha moja ya skrini akikutana na mwili wa namna hiyo anasema mwili umekosea.

Fundi_Moodle
Ya vidole sibishani nayo. Ya picha moja ni kosa la mpangaji, si la chombo. Kama chini ya kila mada una maswali 15 tu, unawafundisha kutambua picha: watakumbuka mkwaruzo ulio kwenye mfupa, si mfupa. Weka angalau maswali 60 kwa kila mada kwenye benki ya maswali, uache mfumo uchote 15 bila mpangilio. Kwa kila kiungo weka picha 4 hivi: kulia, kushoto, pembe tofauti, na mwili tofauti ukiwa nao. Picha ya mwili uliotolewa kwa ajili ya elimu haipandishwi bila kibali kinachotaja matumizi hayo, na uso au chale zisionekane. Kibali hakipo? Tumia mifupa na modeli za plastiki.

Punguza kila picha ishuke chini ya kilobaiti 150. Kwizi nzima inakuwa kama megabaiti 2 na ushee, ambazo bando la mwanafunzi linazimudu. Wengi wanasahau hili, wanapandisha picha za simu za megabaiti 4 kila moja, kisha wanashangaa kwizi haifunguki hosteli.

Sasa mtindo wa kujibu. Upo unaomruhusu mwanafunzi kujaribu tena palepale. Kila kosa linamkata theluthi ya alama ya swali, ukiacha mipangilio kama ilivyokuja, na katikati anapewa kidokezo. Kwa kujifunzia ni mzuri. Kasoro yake ni kwamba haufanyiki nje ya mtandao. Programu ya simu ya Moodle inakubali kwizi bila intaneti iwapo mrejesho unatolewa mwishoni tu na hakuna kikomo cha dakika. Chagua moja, huwezi kupata vyote.

Maswali ya kuandika jibu yanahitaji uangalifu. Neva ya pembeni mwa goti ina majina mawili, fibula na peronea, na istilahi rasmi tangu 1998 inatanguliza fibula. Usipoingiza yote mawili kwenye majibu yanayokubalika, mashine itamkosesha mtu aliyepata.

MD2_Mtulinga
Naongea upande wa wanafunzi. Kurudia bila kikomo na kuchukua alama ya juu kabisa maana yake ni hii: Jumatatu mmoja anaifanya, anapiga picha skrini, anatupia kwenye grupu la WhatsApp. Hata maswali 60 yanaisha ikifika Jumatano. Darasa zima lina 100, na spoti, ule mtihani wa kutaja viungo vilivyochomwa pini maabara, tunafeli vilevile. Na kwa kuwa mwisho ni Jumapili usiku, wengi wataifungua Jumapili saa tano.

Tatizo jingine hamjaligusa. Mkono unaulizwa wiki ya 3 na haurudi tena mpaka mtihani wa mwisho. Kwa nini maswali 5 kati ya 15 yasitoke wiki zilizopita?

Mkasi
Kijana yuko sahihi, hasa hilo la mwisho. Mimi nitazame maswali yenyewe, kwa sababu mengi ninayoyaona ni ya jina kwa jina. Linganisha na hili: mtu amevunjika mfupa wa mkono wa juu katikati, kiganja kinaning'inia, lakini kiwiko bado anakinyoosha. Neva ipi imeumia? (A) aksilari, (B) radiali, (C) ulna. Jibu ni radiali, na kiwiko kimesalimika kwa sababu matawi ya neva hiyo yaendayo kwenye trisepsi, msuli unaonyoosha kiwiko, yameshatoka juu ya palipovunjika. Mrejesho wa A useme aksilari huumia shingoni mwa mfupa huo na mgonjwa hushindwa kuinua mkono pembeni. Wa C useme ulna hupita nyuma ya kifundo cha ndani cha kiwiko. Swali moja, majeraha matatu. Kuandika "Samahani, jibu ni B" ni kupoteza nafasi.

Na chaguo 3 zinatosha. Uchambuzi wa 2005 wa Rodriguez, mtafiti wa upimaji wa elimu, ulifikia hapo, na kila mtunga maswali anajua chaguo la nne na la tano huwa la kujazia tu.

Takwimu_Tupu
Naongezea: chaguo la uongo linaweza kuganda kichwani kama kweli. Butler na Roediger mwaka 2008 walionyesha mrejesho unapunguza madhara hayo. Kwizi ya kuchagua isiyo na mrejesho, heri isiwepo.

Meza_ya_Kadava
Bado hamjanijibu. Hofu yangu si kwizi, ni ratiba. Utawala ukiona wanafunzi wana asilimia 95 kwenye Moodle, saa za maabara zitakatwa, kwa kuwa formalini na miili ni gharama na kwizi ni bure.

Fundi_Moodle
Ndiyo sababu nyingine ya kutoweka asilimia 10, Dokta. Alama inayopandishwa na grupu la WhatsApp haipimi kitu, na ndiyo itakayopelekwa kwenye kikao. Kuna mtindo mwingine kwenye Moodle: mwanafunzi anajibu, kisha anataja uhakika wake, ngazi ya 1 hadi 3. Akipata, anavuna 1, 2 au 3. Akikosa, ngazi ya 1 ni sifuri, ya 2 ni kutoa 2, ya 3 ni kutoa 6. Anayeotea anajifunza kukiri kwamba anaotea. Na unaweza kufanyika nje ya mtandao.

Mkasi
Huo naununua. Chumba cha upasuaji kinamwogopa mwenye uhakika wa uongo kuliko asiyejua.

Mratibu_Kozi
Basi narekebisha. Asilimia 2 badala ya 10, kwa kushiriki tu: afanye kwizi 12 kati ya 15, alama yoyote. Maswali 10 ya wiki husika, 5 ya nyuma. Ngazi za uhakika kuanzia wiki ya 4, wakishazoea. Swali ambalo wanafunzi wazuri wanalikosa na dhaifu wanalipata linatolewa likaguliwe, maana mara nyingi jibu limewekwa kimakosa au alama kwenye picha imekaa kati ya viungo viwili. Matokeo ya kwizi hayapelekwi utawala.

MD2_Mtulinga
Asilimia 2 kwa alama yoyote? Watabonyeza A mara 15 walale.

Meza_ya_Kadava
Walale, spoti itawaamsha. Sharti langu ni moja: spoti ibaki kwenye miili, pini kwenye kano na neva halisi, na saa za maabara ziandikwe kwenye mtaala kabla kwizi ya kwanza haijafunguliwa. Hilo likipita kikaoni, picha za mifupa nitawapigia mwenyewe.