Kabini ya Hilux LN106 imeoza: nichomelee, nibadilishe, au niweke dabo kabini?

NdiziMbichi (Moshi)
Wakuu, habari za jioni. Nina Hilux LN106 ya 1994, injini ya dizeli aina ya 3L, nabebea ndizi kutoka Kilema kushuka Kiboriloni. Injini haina neno, giaboksi nzima, chasisi ngumu. Shida ni kabini. Ukiinua kapeti upande wa dereva unaiona barabara, na masika haya maji yanapenya chini ya kioo cha mbele yanakuja kutulia miguuni. Kabla sijainunua ilikuwa Tanga miaka mingi, hewa ya chumvi mnaijua.

Fundi mmoja wa Pasua anataka milioni moja na nusu: akate palipooza, achomelee bati jipya, apige rangi. Unga Limited kule Arusha kuna kabini tupu ya nusu kata (gari lililokatwa nusu likaletwa kama spea), jamaa kashikilia milioni tatu hataki kushuka. Shemeji yangu naye anasema maadamu naifungua, niweke dabo kabini, ile ya safu mbili za viti, moja kwa moja. Mngekuwa nyie?

GejiKumiNaNane (Arusha)
Mkuu, bei iache kwanza. Chukua bisibisi, ingia chini ya gari, chokonoa pale kabini inapokalia chasisi, kwenye zile raba. Kisha chokonoa nguzo za mlango kwa chini, kwenye bawaba, na pembe za chini za kioo cha mbele. Sakafu kuoza si kesi, ile ni bati tu. Lakini bisibisi ikizama kwenye nguzo, hiyo milioni na nusu utailipa tena mwakani.

Halafu fungua mlango nusu, uinue kwa mkono. Ukicheza, angalia kinachocheza. Ikiwa ni pini ya bawaba, hiyo kazi ndogo. Ikiwa bawaba imetulia na bati lake ndilo linalotembea, tafuta kabini nyingine.

Ukiamua kuchomelea, simama hapohapo uone kitu kimoja: kabla hajagusa sakafu, fundi achomelee bomba la mraba kukatiza uwazi wa mlango, kulia na kushoto. Wengi wanaruka hatua hii kwa sababu inakula muda. Sakafu ikishakatwa kabini haina kinachoishika, inajikunja kidogo tu usione kwa macho, na siku ya kurudisha milango haifungi hata uombewe. Betri itolewe, na waya wa alteneta uchomolewe.

DadaWaSpea (Arusha)
Hiyo ya milioni tatu, kaulize imetoka nchi gani. Za Dubai usukani uko kushoto, kwa hiyo matundu ya usukani, pedeli na breki masta kwenye ukuta wa injini yote yako upande usio wako. Watu wananunua kwa kuangalia rangi inavyong'aa, halafu wanaanza kutoboa na kuziba. Iwe imetoka Japani, Uingereza au Afrika Kusini.

Na "tupu" ni tupu kiasi gani? Ina milango? Vioo? Dashibodi? Kila kisichokuwepo unakinunua peke yake. Waya usihangaike na zake, hamisha za gari lako. Dizeli ya zamani ile haina kompyuta: plagi za kupasha, taa, geji, waipa, basi.

MtuWaBomang'ombe
Mimi niko na shemeji wa mtoa mada 😄 Kwa dabo kabini Jumapili familia yote inakaa ndani, hakuna mtu kupigwa na upepo nyuma.

GejiKumiNaNane (Arusha)
@MtuWaBomang'ombe gari la kanisani sawa. Huyu anabeba ndizi. Dabo ikikaa juu ya chasisi ileile, nafasi yake inatoka kwenye bodi ya nyuma, mikungu ataiweka wapi? Pia raba za nyuma za kabini hazikai palepale, kuna vishikio vya kuhamisha kwenye chasisi. Hapa Arusha mafundi wa magari ya utalii wanakata na kurefusha Land Cruiser kila siku, uwezo wa kuifanya upo. Ila hiyo hela ataitoa kwenye ndizi zipi wakati bodi imebaki fupi?

KadiMkononi (Moshi)
Mmesahau makaratasi. Namba ya chasisi imegongwa kwenye chasisi yenyewe, mbele karibu na gurudumu la kulia, hiyo haiguswi. Lakini kile kibati chenye namba kilichopigwa ribiti chumba cha injini kinakuja na kabini. Ukifunga kabini ya watu na kibati chao, trafiki akifungua boneti anaona namba mbili tofauti. Dai risiti yenye namba ya gari ilikotoka, na uende TRA (mamlaka ya mapato) kabla hujaulizwa. Rangi nayo iko kwenye kadi ya gari. Dabo kabini ndiyo kabisa, unabadilisha hadi aina ya bodi.

NdiziMbichi (Moshi)
Asanteni sana. Nimechokonoa leo. Nguzo ngumu pande zote, mlango hauchezi. Ila raba ya nyuma kulia bisibisi imezama hadi kwenye mpini.

GejiKumiNaNane (Arusha)
Basi chomelea, hela ya kabini ibaki mfukoni. Hiyo kona usikubali ibandikwe kiraka juu ya kutu. Ikatwe hadi kwenye chuma kinachong'aa, na kikalio kitengenezwe kwa bati nene la milimita tatu. Bolti ya hapo itakuwa imeng'ang'ania, imwagie oili kuanzia leo, maana ikikatika inabidi kutoboa. Kioo cha mbele kitolewe, mpira uwe mpya, la sivyo masika ijayo unaogelea tena.

DadaWaSpea (Arusha)
Kaka, kabla hujakata bati waulize wauza skrepa. Kabini iliyopinda mbele kwa ajali mara nyingi kona zake za nyuma ni nzima, wanakukatia kipande unachotaka. Nenda na picha na vipimo. Raba nunua seti nzima, usichanganye mpya na zilizokufa.

NdiziMbichi (Moshi)
Nakwenda Jumamosi. Fundi kakubali kuweka yale mabomba mlangoni, ila kaongeza elfu hamsini.

GejiKumiNaNane (Arusha)
Mpe.