Tupeane uzoefu: mhusika gani wa katuni au muvi ya familia umemkubali mpaka leo, na ilikuwaje?

Fundi Rimoti (mleta mada)

Habari za jioni wadau. Likizo hii sebule imechukuliwa na watoto, rimoti imechukuliwa, mimi taarifa ya habari naangalia kwenye simu nikiwa barazani. Matokeo yake nimeangalia katuni nyingi kuliko mechi, na aisee kuna wahusika mle wanakushika kuliko hizi tamthilia za kulia lia. Leteni wa kwenu, ila sharti ni moja, usitaje jina ukapita, toa na stori. Na tafadhali sana tusianze tena ule ubishi wa majina ya Kiswahili ya Lion King, umeshachuja.

Naanza. Wangu ni Mr. Ping, yule bata bukini wa Kung Fu Panda. Muvi ya kwanza 2008 watu wote wanamwangalia Po na mateke yake na yule adui yake Tai Lung, mimi macho yote kwa mzee wa supu ya tambi. Bata anauza tambi, nyumbani ana panda zima linaloziba mlango, analiita mwanangu na wala haoni kama kuna kitu cha kueleza. Ya pili ile ya 2011 ndio anamsimulia Po kwamba alimkuta kwenye kreti la figili, figili zote kashazila, akasubiri mtu aje kumtafuta hakuja mtu, basi akamwingiza ndani akamlisha akamwogesha akamlisha tena.

Mimi nimelelewa na mjomba Temeke, alikuwa na banda la chipsi. Baba mzazi kajitokeza nikiwa sekondari, ana gari, ana zawadi, ana maneno matamu. Mjomba hakusema neno. Siku naenda kumsalimia baba, mjomba akanifungia chipsi mayai, kachumbari akaiweka kwenye kimfuko chake pembeni isije ikalowanisha chipsi, anasema "huko kwao wanaweza wakachelewa kupika". Sasa ya tatu ya 2016 baba mzazi wa Po anatokea, wanasafiri, kumbe Ping kajificha kwenye mzigo wa chakula asiachwe. Watoto wanacheka, na mimi nacheka, halafu mdogo ananiuliza baba mbona unafuta macho, nikamwambia vitunguu. Jikoni hata moto haujawashwa.

Mtoto wa Manzese

Mkuu umetuanzia na nzito. Mimi Mufasa, yule simba baba yake Simba wa Lion King, na ugomvi wangu na ile muvi haujaisha.

Kibanda umiza, Manzese, benchi za mbao, joto la kukaangia samaki, muvi inachezwa kwa deki ya kanda. Sheria tuliyokuwa tunaijua wote mle ndani ni moja tu, steringi hafi. Anapigwa risasi sawa, anatupwa mtoni sawa, ila mwisho anarudi anamalizana na adui. Na tulishakubaliana steringi ni Mufasa, ndio mwenye mwili, ndio mwenye sauti. Sasa pale kwenye korongo nyumbu wanapita kwa chini, jamaa kamwokoa mtoto, anapanda kwa makucha, Scar yuko juu anamwangalia, anamdaka miguu ya mbele anamnong'oneza anamwachia. Kibanda kimya. Mtu mmoja nyuma akasema "anajifanya huyo". Tukasubiri. Simba anamsukuma na kichwa, anamvuta sikio, hola. Bado tunasubiri!! Jamaa mmoja mtu mzima kabisa ana ndevu akanyanyuka kwenda kwa mwenye kibanda anadai kiingilio chake, eti kauziwa muvi haina steringi. Mwenye kibanda anamwambia kaa chini, steringi ni huyo mdogo. Jamaa akauliza "huyo anayelia?"

Ile sauti ni ya James Earl Jones, alifanya 1994 na walipoirudia 2019 wakamchukua yeye yule yule, na ndio ilivyotakiwa. Alipofariki 2024 niliitafuta ile sehemu anamwonyesha mtoto nyota, nikaiangalia mwenyewe usiku. Scar sijamsamehe.

Kimyakimya

Jerry. Sina maelezo.

Dereva Bajaji

Sharti limevunjwa hapo juu. Na Jerry ni mchokozi tu, Tom yuko kazini kwake, kaajiriwa kukamata panya, sasa anatimiza wajibu tangu 1940 anachomwa mkia.

Kimyakimya

Panya naye atakula wapi?

Mama wa Wawili

Kaka mleta mada asante kwa huu uzi. Mimi zamani nilikuwa namwona Marlin, yule samaki baba yake Nemo wa Finding Nemo, kisirani. Mtoto hapumui, usiende kule, shika hapa, rudi hapa. Halafu nikazaa.

Wiki ya mwisho ya Ramadhani nimeenda Kariakoo na binti yangu kutafuta nguo za sikukuu, na mnaijua Kariakoo ya wiki ile, mkokoteni unakuja huku, mtu na bunda la mitumba kichwani anatokea kule, "mguu mguu mguu", nimeachia mkono nihesabu hela, kugeuka mtoto hayupo. Jamani. Nilipiga kelele mpaka nikasahau jina lake, namwita kwa jina la dada yake. Yaani ile sura ya Marlin anavyoikimbiza ile boti iliyombeba mwanae na boti inazidi kwenda, ndio ilikuwa sura yangu Mtaa wa Msimbazi.

Kumbe mwenye duka la kanga alimwona anazubaa akamkalisha juu ya marobota, akampa juisi ya ukwaju, akamuuliza namba ya mama, na mtoto akaitaja! Akaitaja yote bila kukosea! Na hapo ndio namtaja mhusika wangu, sio Marlin, ni Dory, yule samaki anayemsaidia kumtafuta mwanae. Dory anasahau kila kitu, lakini ile anwani ya kwenye miwani ya mpiga mbizi, P. Sherman, 42 Wallaby Way, Sydney, haimtoki, anairudia mpaka inakera. Sasa binti yangu alikuwa anaimba imba ile anwani nyumbani kutwa nzima, nikasema wewe kama Sydney unaiweza na namba ya mama utaiweza, tukaitungia wimbo, tukawa tunaimba tukiosha vyombo. Wenye watoto wadogo fanyeni, haina gharama.

Yule mama wa duka la kanga sikukuu nilimpelekea pilau.

Dereva Bajaji

Hii ya mwenzetu imenitoa jasho. Wacha nilete nyepesi. Flash, yule mnyama wa mwendo wa pole pole kupita wote wa Zootopia, yupo ofisi ya leseni za magari, anagonga muhuri taraaatibu, sungura wa watu ana haraka ya kuwahi kesi, jamaa kasimuliwa kichekesho anaanza kucheka saa hiyo hiyo anamaliza jioni. Niliiangalia siku nimetoka kwenye ofisi moja, siitaji, niliingia asubuhi nikatoka dirisha limefungwa nikaambiwa nirudi na kopi. Utamu uko mwishoni, wanasimamisha gari limekimbizwa kama wazimu, kushusha kioo dereva ni Flash. Ndio wale wale, kazini pole pole, saa ya kutoka ikifika humuoni hata vumbi.

Baba Elsa (sio hiari yangu)

Olaf, yule mtu wa theluji wa Frozen. Binti yangu yuko chekechea, theluji hajawahi kuiona na kwa hili joto la Tabata hataiona. Siku hiyo nimerudi namkuta kafungua friza, anakwangua barafu za pembeni kwa kijiko, anamtengeneza Olaf kwenye sinia, pua karoti ya mama yake ya pilau. Nikawaza nimgombeze, nikaona pua imekaa vizuri. Shida friza ina vibua. Olaf alinuka vibua mpaka anayeyuka.

Gauni la Elsa msiniulize bei. Anakuja nalo mpaka msibani.

Mwalimu wa Vidudu

Mbona hamtaji vya kwetu? Akili wa Akili and Me. Kinatengenezwa na Ubongo hapa hapa Dar, hawa walianza na Ubongo Kids 2014, cha Akili kikaja 2016. Mtoto wa miaka minne, anakaa chini ya Mlima Kilimanjaro, akilala anaenda Lala Land anakutana na Little Lion na wenzie wanahesabu wanaimba. Darasani nina mtoto alikuwa hafungui mdomo, kabisa, wiki na wiki, nikiuliza tatu iko wapi anaangalia viatu. Siku naimba wimbo wa namba wa Akili huku nagawa uji, nikasikia mtu anaitikia. Sikugeuka, ningegeuka angenyamaza, nikaendelea kugawa uji na kuimba mpaka kumi. Ni vile anaongea Kiswahili na ana nywele kama zao, wanamwona mwenzao, mambo ya ngome na theluji ni baadaye.

Dogo Janja wa Ubungo

Kevin wa Home Alone. Kila Desemba. Muvi ya 1990 mimi sijazaliwa lakini najua kila mtego. Mdogo wangu naye akaona mwizi lazima aje, akamwaga mafuta ya kula kwenye ngazi za nje, mafuta yenyewe bei ile mnayoijua. Kule Kevin alimwagia ngazi maji yakaganda, sasa sisi Ubungo tungegandisha nini? Mwizi hakuja. Alikuja mshua.

Mzee wa Chanika

Vijana hamjambo. Mimi nimezidi hamsini, katuni nilikuwa naita mambo ya watoto, mpaka mjukuu akaniwekea Up, ya mwaka 2009. Yule mzee Carl.

Pale mwanzoni kuna sehemu hawaongei kabisa, muziki tu. Carl na mkewe Ellie wanaweka vihela kwenye chupa, safari ya kwenda kwenye maporomoko waliyoyaota tangu utoto. Tairi la gari linapasuka, chupa inavunjwa. Mguu unavunjika, chupa inavunjwa. Mti unaangukia paa, chupa. Nikamwambia mjukuu simamisha hapo. Nikamwita bibi yake jikoni, njoo uone kibubu chetu.

Maana sisi kibubu chetu kilikuwa cha kiwanja cha Chanika. Kimevunjwa ada ya mtoto wa kwanza, kimevunjwa mama mkwe anaumwa, kimevunjwa bomba limepasuka nyumba ya kupanga na mwenye nyumba kagoma, na kila kikivunjwa mke wangu alikuwa anaenda kwa fundi kuagiza kingine siku hiyo hiyo, hata hela ya kuweka hatuna. Kiwanja tulipata lakini, kinyume na Carl, na mwenzangu yupo, Mungu ni mwema. Alivyoona ile sehemu alikaa kwenye mkono wa kiti hakusema kitu, mpaka yule mzee anafungua kile kitabu cha mkewe anakuta kurasa alizodhani tupu zimejaa picha zao. Hapo akasema "huyu angalau aliandikiwa kitabu, wewe hata picha hunipigi", akarudi jikoni. Sasa nampiga picha kila siku, amechoka.

Mtoto wa Manzese

Shikamoo mzee. Umenimaliza.

Kimyakimya

Haya nami niongeze maelezo basi. Scrat wa Ice Age, yule kama kindi, tangu 2002 anahangaika na kokwa moja. Muvi tano anafukuza, anapasua barafu, anapasua dunia, anakwenda mpaka angani, kokwa haliliki. Kaka yangu tangu amemaliza chuo anatafuta kazi, tulikuwa tunamwita Scrat, na yeye mwenyewe kaweka picha ya Scrat kwenye wasifu wa simu. Studio iliyomtengeneza, Blue Sky, ilifungwa 2021, nikajua ndio basi tena. Mwaka uliofuata wakatoa kakipande ka kuaga. Anakula.

Dereva Bajaji

Anakula nini?

Kimyakimya

Kokwa.

Dereva Bajaji

Acha uongo. Kala? Lote?

Kimyakimya

Lote. Hata dakika haifiki. Anakaa, linakuwa mkononi, anasubiri kitu kitokee, hakitokei, anakula anaondoka.

Dereva Bajaji

Na kaka yako?

Kimyakimya

Bado. Ila hicho kipande nilimtumia, akajibu "poa, acha na mimi nitume sivii tena".

Dereva Bajaji

Kipande weka hapa, bando ninalo.