Tupeane uzoefu: mimba ilipotoka, wewe uliambiwa sababu ni nini?

Binti wa Makorora

Asalaam aleikum, na Bwana asifiwe kwa upande wa pili.

Mimi zimenitoka mbili ndani ya mwaka mmoja, ya kwanza wiki ya 8, ya pili wiki ya 11. Pole nimepewa nyingi, zinatosha. Leo nataka tuhesabu sababu.

Za kwangu ziko saba. Bibi mzaa mama: ni chango, ungekunywa dawa tangu ukiwa mwari. Mama mkwe: ulipita makaburini magharibi. Wifi: ulitangaza mapema, jicho limekupata. Jirani akanipeleka kwa mtumishi, naye akaona roho ya kuharibu mimba inayoshuka kwenye ukoo wa baba yangu. Ustadhi wa mtaani akasema ni Ummu Subyani, akaniandikia kombe kwa zafarani, nikanywa siku tatu. Shoga yangu wa kazini: ni bodaboda. Ya saba haikusemwa. Nilimkuta mume wangu chumbani ameshika pakiti ya vidonge vya uzazi wa mpango nilivyoacha zamani, anavihesabu.

Daktari aliyenisafisha alisema "hutokea", akavuta faili lingine. Wallahi hiyo "hutokea" iliniuma kuliko Ummu Subyani. Jini angalau ana jina.

Karibuni. Uliambiwa nini, na baadaye ukaja kujua nini?

Mama Wawili

Tabora hapa. Zangu zilikuwa kubwa, moja miezi mitano, nyingine sita. Nimefunga na kuomba mpaka nikabaki mifupa. Tukaambiwa adui yuko ndani ya nyumba. Nikaacha kusalimiana na mke mwenza wa shangazi, mama wa watu, hakuwa na hatia yoyote.

Ya tatu nilianza klinik mapema, nesi akasema siku hizi lazima mje wote wawili. Tukatobolewa kidole. Kaswende, mimi na yeye. Tukachomwa sindano za penisilini, zinauma mpaka unachechemea. Mtoto yuko darasa la pili sasa.

Kwa hiyo mtumishi aliposema adui yuko ndani ya nyumba hakukosea sana. Alikosea nyumba ya nani tu.

Kijana wa Town

Acheni kula mananasi nyie.

Binti wa Makorora

Ya nane hiyo. Nimeiandika.

Mkunga Mstaafu

Mwanangu wa Makorora, nimekaa leba na wodi ya wazazi miaka 31, na hilo neno "hutokea" nimelisema mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Wagonjwa ni wengi, unakimbia. Ngoja nilimalizie leo, kwa niaba ya yule daktari.

Yai la mama linabeba kromosomu 23, mbegu ya baba 23. Zikikutana zinatakiwa ziwe 46. Wakati mwingine inaingia moja ya ziada, au moja inakosekana. Mimba inashika, kipimo kinasoma, kichefuchefu unakiona, lakini ramani ya mtoto haijakamilika, basi inafika mahali inasimama. Katika zile zinazotoka miezi mitatu ya mwanzo, karibu nusu sababu ni hiyo. Kosa hilo mara nyingi hufanyika yai au mbegu inapotengenezwa, au siku zilezile mimba inatungwa. Bado hujapanda bodaboda, bado hujapita makaburini, hata hujajua kama una mimba. Na vidonge ulivyoacha kwenye droo havihusiki, mwambie mumeo nimesema mimi.

Tena si jambo la nadra. Kati ya wanawake 100 waliokwishajua kuwa ni wajawazito, 10 hadi 15 hupoteza. Mnaona wachache kwa sababu tunafichana.

Lakini sio zote ni "hutokea", hapa ndipo napogombana na wenzangu. Malaria ipo, ndiyo maana tunawamezesha SP, vidonge vya kuikinga, pale pale mbele yetu na kuwapa chandarua. Kaswende imeshasemwa. Sukari isiyodhibitiwa, tezi la shingo, damu inayoganda hovyo. Na kuna mama anayepoteza mwezi wa nne au wa tano bila uchungu wa maana, mtoto anateleza tu: huyo mara nyingi mlango wa kizazi umelegea, mimba inayofuata anashonwa kwenye wiki ya 12 hadi 14. Nimemshona, eh, nimemshikia daktari akimshona mama aliyekwisha kuitwa mchawi wa watoto wake mwenyewe.

Umri nao unahesabika, ukivuka 40 hatari inapanda sana. Hilo silisemi kwa kumsuta mtu.

Mpwani Kisauni

Kwetu Mombasa twasema mimba imeporoka. Yangu iliporoka wiki ya 13, nikakaa nyumbani, sikwenda popote, damu ikakoma nikashukuru Mungu. Mimba ya pili mtoto alifia tumboni mwezi wa saba, amevimba maji mwili mzima.

Wazee wakapiga falaki. Jawabu: nyota yako na ya mumeo hazipatani, achaneni.

Daktari akapima, akasema damu ndizo hazipatani. Mimi ni O hasi, mume wangu chanya. Ile iliyoporoka ilikuwa imebeba damu ya babake, mwili wangu ukajifunza kuipiga vita. Ingelikuwa nimekwenda hospitali mapema, kuna sindano ya anti-D, ya kuuzuia mwili usijifunze vita hiyo, huchomwa ndani ya saa 72. Saa 72! Mimi nilikaa kitandani siku tano na chupa ya maji ya zamzam.

Zamzam siilaumu. Ningekunywa nikiwa kwenye foleni ya hospitali.

Bin Pangani

Mie ni mwanamume, na nimesoma chuo kidogo, naomba nichangie.

Ustadhi aliyemtaja Ummu Subyani, ile hadithi inayonukuliwa sana juu yake wanavyuoni wa hadithi wameidhoofisha. Kilicho wazi kipo kwenye Qur'ani yenyewe, Suratul Hajj aya ya 5, pande la nyama lenye umbo na lisilo na umbo. Mie nilikuwa naisoma tangu utotoni bila kuisikia. Lisilo na umbo limetajwa palepale pamoja na lenye umbo, na mama hakutajiwa kosa.

Sisi yetu ilitoka ikiwa imepita siku 120, muda ambao hadithi inasema roho imeshapulizwa. Kama asaliwe au asisaliwe, madhehebu yana maneno, shehe wetu akasema mwosheni, mkafinini, mpeni jina. Nilikata bafta mwenyewe. Mita moja ilibaki zaidi ya nusu. Muuza duka aliniuliza kama natosheka na mita moja tu, nikasema ndiyo, nashona mfuko.

Sijawahi kumwambia mke wangu kuhusu ile bafta iliyobaki. Ipo.

Kibosho Road

Sisi Wakatoliki mama yangu aliumia kwa jingine kabisa: mtoto hakubatizwa, yuko wapi? Yeye alifundishwa habari za limbo, mahali walikosemwa kukaa watoto waliokufa bila ubatizo, nje ya mbingu. Paroko akamwambia hiyo haijawahi kuwa imani rasmi ya Kanisa, na kwamba mwaka 2007 tume ya wanateolojia ya Vatikani ilitoa waraka wa kuwatumainia watoto hao wokovu. Kisha akamfungulia Yohana 9:3, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Mama aliikunja ile karatasi ya usomaji akaiweka kwenye sidiria. Dokta alishaeleza mambo ya kromosomu, mama akaitikia kwa adabu tu.

Mgeni 09

Samahanini, sijawahi kuandika hapa. Wiki ya 9. Imeanza juzi, bado damu inatoka na mabonge. Nimeambiwa nitulie itakata yenyewe. Hii ni kawaida?

Mkunga Mstaafu

Mama, pedi unabadilisha baada ya muda gani? Una homa? Kizunguzungu ukisimama? Maumivu yamekaa upande mmoja, au bega linauma?

Mgeni 09

Pedi mbili kwa saa tangu jioni. Kizunguzungu ndiyo.

Mkunga Mstaafu

Usisubiri kuche. Amsha mtu, nenda hospitali sasa hivi, usiende peke yako. Beba kadi. Waambie wakupime wingi wa damu na kundi la damu, usisahau kundi.

Binti wa Makorora

Dada tuko macho. Ukifika andika.

Mpwani Kisauni

Umefika?

Mgeni 09

Nimefika. Dada yangu yuko nami. Wamenitundikia maji.

Kundi ni B chanya.