Kuchinja nyumbani Tabora: nitume hela ya mwanakondoo?

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi niko Birmingham. Mwaka huu nataka udhhiya yangu, yaani mnyama wa kuchinja Idi kubwa, ichinjwe nyumbani, Isevya, mama asimamie. Jamaa wa Pakistani ninaosali nao wanasema mwanakondoo wa miezi sita anatosha. Nitume hela ya huyo?

*

Wa alaykumu salaam, mdogo wangu. Hao wamekwambia kweli kwa madhehebu yao. Kwa Hanafi, kondoo wa miezi sita akinenepa hata ukimweka na wa mwaka usimtambue, anafaa. Nyumbani tunafuata Shafi: kondoo awe ametimiza mwaka, au awe amepita miezi sita na kuanza kung'oa meno ya mbele. Mbuzi ni miaka miwili. Tuma hela ya kondoo mkubwa, na utume mapema, kabla mnada haujachangamka.

Mnadani hakuna cheti cha kuzaliwa. Mama amwambie kijana amfunue kondoo mdomo wa chini. Mwanakondoo ana vijino vinane vyembamba, vimelingana. Akishatimiza mwaka na zaidi, mawili ya katikati hung'oka, yakaota mapana. Hayo mawili ndiyo ya kutafuta; unene unadanganya, hasa mkia ukiwa umejaa mafuta.

Kisha masikio, na hapa ndipo wengi hupitiwa. Wafugaji wetu huwatia mifugo alama sikioni. Likiwa limetobolewa au kuchanwa tu, halina neno. Likiwa limekatwa kipande kikatoka, huyo hafai kwa udhhiya, hata awe mzuri vipi. Kilema, mgonjwa, chongo na aliyekonda ndio kabisa.

Mchinjaji mlipeni fedha taslimu. Akiomba ngozi iwe ujira wake, mkatalieni kwa upole.

*

Shukrani sana, kaka. Na mwezi ukiandama tofauti, huku tukatangulia siku moja?

*

Kuchinja kunaanza baada ya sala ya Idi na kunaendelea mpaka jua lizame tarehe 13 Mfunguo Tatu, yaani Dhulhija. Mwambie mama achinje siku ambayo ni Idi au siku za tashriki (siku tatu zinazofuata Idi) kwenu na kwetu pia, utoke kwenye shaka. Mpigie umwambie wazi kwamba umemfanya wakili wako. Na akimaliza akutumie ujumbe papo hapo, maana wewe hutakiwi kukata nywele wala kucha mpaka mnyama wako achinjwe.