Sauti inaweza kutenganisha chembe za damu bila santrifuji?

Mama Labo, Bukavu
Jambo wote. Mimi ni laborantini katika kituo kidogo cha afya huku Kadutu. Umeme ukikatika, santrifuji, ile mashine inayozungusha damu kwa kasi ili itengane, inasimama na damu inabaki imetengana nusunusu. Nimesoma kwamba kuna watu wanaotenganisha chembe kwa sauti tu, ndani ya mfereji mwembamba. Sauti inasukumaje chembe? Na ingeweza kunitolea zile zenye malaria? Kuna watoto wanaokuja na vimelea vichache mno, na sitaki mama arudi nyumbani na jibu la "hasi" wakati ugonjwa upo.

Fizikia Katuba, Lubumbashi
Dada, sauti ni mkandamizo unaopita majini. Wimbi likienda na kurudi kati ya kuta mbili za mfereji, kunatokea mistari ambayo mkandamizo umetulia, na mingine ambayo unapanda na kushuka kwa nguvu. Chembe iliyo nzito na ngumu kubonyea kuliko majimaji yanayoizunguka husukumwa kwenye mstari uliotulia. Tone la mafuta hukimbilia upande mwingine.

Piga hesabu: sauti majini huenda karibu mita 1,500 kwa sekunde. Kwa megahezi 2, yaani mitetemo milioni mbili kwa sekunde, wimbi lina milimita 0.75. Mfereji wenye upana wa nusu yake, mikromita 375, unapata mstari mmoja uliotulia, katikati kabisa. Damu ikitiririka, chembe nyekundu zinajipanga pale, mafuta yanabaki kando ya kuta, na mwishoni mfereji unagawanyika, kila kundi likipita njia yake. Kikundi cha Thomas Laurell wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, kilifanya hivyo kwa ajili ya damu inayokusanywa wakati wa upasuaji wa moyo, maana mafuta yake, mgonjwa akirudishiwa damu hiyo, yanaweza kuziba mishipa midogo ya ubongo. Kwangu hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote za fani hii.

Ukubwa nao una neno: chembe yenye kipenyo mara mbili hufika katikati kwa mwendo wa mara nne.

Bayolojia Himbi, Goma
Mama Labo, kwa malaria usiweke tumaini hapo. Sauti haijui ugonjwa, inajua ukubwa, uzito na ugumu. Chembe nyekundu ina mikromita 7 hadi 8, na kimelea kichanga cha falciparum, aina kali ya malaria, kikiwa ndani, ukubwa haubadiliki sana. Kimelea kikikomaa kinaacha hemozoini, mabaki ya damu aliyokula kimelea, yenye chuma, na hapo sumaku inaweza kuvuta. Lakini falciparum iliyokomaa hujishikiza kwenye kuta za mishipa midogo ndani ya mwili. Kwenye kidole unachotoboa utakuta hasa pete changa, yaani vimelea vichanga vyenye umbo la pete.

Sauti inafaa zaidi kwa seli za saratani zinazozunguka katika damu: ni chache sana, kati ya chembe nyekundu karibu bilioni 5 kwa kila mililita, na nyingi ni kubwa kuliko chembe nyeupe. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani, wa vyuo vikuu vya Penn State na MIT, waliinamisha mawimbi yakate mtiririko kwa pembe, wakatenga seli za saratani ya matiti na chembe nyeupe.

Kwa watoto wako, tone nene, lile la damu linalowekwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini, bado ndilo mfalme. Angalia angalau maeneo 100 ya hadubini kabla ya kuandika hasi, na homa ikiendelea, rudia kipimo. Kwa umeme, omba kituo kitafute santrifuji ya mkono.

Mama Labo, Bukavu
Asanteni sana. Ila hizo chembe hazipasuki kwa kutikiswa hivyo?

Fizikia Katuba, Lubumbashi
Kwa megahezi na nguvu ya kiasi, hapana, zinatoka hai. Kinachozidhuru ni joto, kwa sababu fuwele inayotoa sauti hupata moto, kwa hiyo wanaipoza muda wote. Damu nayo huzimuliwa kwanza, la sivyo chembe zinabanana na kuburutana. Na pampu inayosukuma damu ile taratibu, dada, nayo inataka umeme usiokatika.