Mchezo wetu kuhusu 2008 hapa Nakuru umeanza kuleta vitisho, nitoe hii sini ama niiache?

kijana_wa_kapte:
Habarini wakuu. Niko na kikundi cha vijana hapa Kaptembwo, tumefanya mazoezi miezi mitatu, mchezo ni kuhusu Januari 2008, zile vurugu za baada ya uchaguzi, venye watu walikula pamoja jioni na siku mbili baadaye wengine wako kwa hema kule showground. Mimi nilikuwa darasa la tatu lakini ule moshi naukumbuka. Sasa wiki jana namba nisiyoijua ilinipigia, sauti ya mtu mzima, ikaniambia niachane na hiyo maneno kabla sijajuta. Mwenye ukumbi ameanza kuzungusha, waigizaji wawili wametoka, mama hataki hata kusikia. Shida yote ni sini moja, kijana anarudisha kiti alichotoa kwa nyumba ya jirani aliyefukuzwa. Wanasema natonesha kidonda. Naogopa kusema ukweli, lakini nikiitoa sioni kilichobaki.

nyar_nyalenda:
Pole sana mdogo wangu. Kwanza hizo simu andika zote, siku, saa na namba, halafu uende kituoni na mtu mzima mupewe namba ya OB, kile kitabu cha polisi cha kuandikia ripoti, usiende peke yako. Katiba kifungu cha 33 inalinda kazi ya sanaa, lakini hicho hicho hakitetei uchochezi wala matamshi ya chuki, kwa hivyo kaeni chini na skripti mtafute kama kuna mahali mhusika anatukana kabila zima na hakuna wa kumjibu.

Huku Kisumu tulifanya mchezo kuhusu Agosti 2017 baada ya uchaguzi, ule usiku mtoto wa miezi sita alipigwa rungu na polisi akiwa mikononi mwa mamake hapa Nyalenda. Kabla ya kuonyesha mtu yeyote tuliita wamama wa plot, tukawachezea uani bila taa bila nini. Walilia, wakatukosoa, moja akasema mama hawezi kupiga nduru hivo, anakauka. Tukabadilisha. Siku ya watu wote, wao ndio walikaa mbele na hakuna mtu alithubutu kutusumbua.

wa_butere:
Mimi nakumbuka wale wasichana wa kwetu wa shule ya Butere Girls, walipoenda na mchezo wao kwa tamasha la drama Aprili 2025, na ilikuwa hapo hapo Nakuru. Mahakama Kuu ilishaamuru waruhusiwe kucheza, lakini walifika wakakuta hakuna vyombo vya sauti, hakuna watazamaji, nje polisi wanarusha gesi. Wakaimba wimbo wa taifa wakatoka. Watoto wa shule! Wangeweza kuchezea viti vitupu iandikwe wamecheza, wakakataa. Kwa hivyo usikubali wakukatie mchezo ibaki nusu halafu waseme walikuruhusu.

baba_langalanga:
Kijana wangu, mimi huwa nasoma tu hapa siandiki. Hiyo sini usiitoe.

Mimi nilichukua. Sio kiti, ilikuwa jiko na sufuria mbili za mama aliyekuwa akinikopesha unga. Nilijiambia nikiacha wengine watabeba. Nilikaa na hizo sufuria miaka sita, bibi yangu alikataa kuzipikia, zikawa juu ya kabati. Nilipompata yule mama alikuwa Njoro, nikamfikia na maneno mengi nimepanga kichwani na hakuna hata moja lilitoka. Aliangalia sufuria akauliza kifuniko kiko wapi. Hiyo tu. Akaenda kunitengenezea chai.

Sasa nasikia kijana wako anarudisha na inaisha. Ni haraka sana. Mpe hiyo miaka. Na mama yako usibishane naye, si mchezo anaogopa, anakumbuka.

kijana_wa_kapte:
Mzee nimesoma hii nikaamsha wenzangu usiku. Asante ni ndogo. Kesho naenda kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, na mjomba, na mama nimemwambia aje mazoezi Jumamosi, hajasema ndio lakini ameuliza ni saa ngapi. Tuko uwanja wa kanisa saa nane. Kama magoti yanakuruhusu tafadhali uje, tukuwekee kiti.

baba_langalanga:
Nitakuja. Niwekee karibu na mama yako.