Kura ya posta Texas: kwa nini maombi ya wazee yanarudishwa, na nini kingerahisisha?

MwanaUjiji:
Shikamooni wakubwa, wengine habari za humu. Hapa Harris County, Texas, kuna wazee waliokwisha kupata uraia, wengi wametoka Congo na Burundi, wote wamevuka miaka 65. Wanataka kupiga kura kwa posta tarehe 3 Novemba 2026. Naomba wanaojua wanisaidie: je, fomu inaweza kuombwa mtandaoni ikaisha hukohuko? Mbona maombi mengi yanarudishwa? Na je, mtu mmoja anaruhusiwa kuwajazia wazee kumi?

Karani_wa_Zamani:
Marahaba. Mtandaoni haiishi. Fomu unaweza kuipakua kwenye tovuti ya Katibu wa Jimbo au kumwomba karani wa kaunti aitume, lakini lazima ichapishwe, isainiwe kwa kalamu, na karatasi yenyewe ifike kwa karani wa kaunti. Ukiituma kwa faksi au kwa barua pepe ikiwa imeskaniwa, ile halisi nayo lazima iwafikie ndani ya siku 4 za kazi. Hapo ndipo wengi huanguka: wameskani, wametuma, wakadhani kazi imekwisha. Na usisubiri kaunti ikuletee fomu bila kuombwa. Sheria ya 2021, SB 1, ilimkataza ofisa kufanya hivyo.

Siku ya mwisho ni ya 11 kabla ya uchaguzi, kwa hiyo safari hii ni Ijumaa tarehe 23 Oktoba. Inayohesabiwa ni siku fomu *inapofika*. Mhuri wa posta wa tarehe hiyo haukusaidii kitu.

Sasa sababu kubwa ya kurudishwa. Kwenye fomu kuna sehemu ya namba: namba ya leseni ya udereva au ya kitambulisho cha jimbo, na tarakimu 4 za mwisho za sosho (namba ya Social Security). Karani analinganisha na kumbukumbu za uandikishaji. Mzee alijiandikisha zamani kwa sosho tu, leo anaandika leseni peke yake: namba ni ya kwake kweli, lakini kwenye faili lake haipo. Fomu inarudi. Kwa hiyo jaza zote mbili, hata kama fomu inaonekana kutosheka na moja. Moja ikigonga, inatosha. Kwenye uchaguzi wa mchujo wa Machi 2022, wa kwanza mkubwa chini ya sheria hiyo, kura zaidi ya 24,000 za posta zilikataliwa, kama asilimia 12 ya zilizorudishwa, na tatizo kubwa lilikuwa hizo namba.

Namba ya simu si lazima, ila iwekeni. Kukiwa na kasoro ofisi inapiga simu. Bila simu wanaandika barua, na barua inakula siku.

MamaSalima:
Naongezea kwenye sababu ya kuomba. Kwa aliyefika 65, tia alama kwenye umri, basi. Watu wanajaza na "ulemavu" ili kujihakikishia, hakuna haja. Kwa walio chini ya 65 ndipo pana masharti: ugonjwa au hali ya mwili inayomzuia kufika kituoni bila msaada au bila kujidhuru, kutarajia kujifungua karibu na siku ya uchaguzi, au kuwa nje ya kaunti siku ya uchaguzi na kipindi chote cha kura za mapema. Kukosa usafiri si sababu. Kubanwa na kazi pia si sababu.

Anwani ya kutumiwa karatasi ya kura nayo ina mtego. Mzee wa 65 anaweza kutumiwa nyumbani kwake, hospitali, nyumba ya kulelea wazee, au kwa ndugu, na hapo lazima aeleze ni ndugu wa namna gani. Kwa rafiki au kanisani, hapana.

Pia tieni alama kwenye kisanduku cha maombi ya mwaka mzima. Wa 65 na wenye ulemavu wanaruhusiwa, na fomu moja inabeba chaguzi za mwaka huo. Ila inakufa 31 Desemba, na Januari mnaanza upya. Watu husahau kwa sababu mwaka uliopita kura zilikuwa zikija zenyewe.

Karani_wa_Zamani:
Lile swali la kuwajazia wazee kumi: inawezekana, ila tofautisha mambo mawili.

Mzee anayeweza kusaini mwenyewe, wewe ukamsomea na kumwandikia, wewe ni msaidizi. Chini ya fomu kuna sehemu yako: jina, anwani, sahihi. Ijaze kwa kila mzee, usiiruke, maana kuiacha wazi makusudi ukiwa si ndugu wala hukai naye ni kosa la jinai. Kiswahili hakimo kwenye lugha za kura za Harris (zipo Kiingereza, Kihispania, Kivietinamu na Kichina), kwa hiyo msaidizi anahitajika kweli. Sheria ya shirikisho inamruhusu mpiga kura anayehitaji msaada wa kusoma au kuandika kuchagua amtakaye, isipokuwa mwajiri wake, wakala wa mwajiri, au kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi.

Mzee asiyeweza kusaini kabisa, anatia alama na wewe unakuwa *shahidi*. Hapo kuna kikomo: mtu mmoja kushuhudia waombaji wawili ambao si ndugu zake wa karibu ni kosa. Kwa wazee watatu wa namna hiyo, tafuteni mashahidi watatu.

Na usichukue malipo, wala usizunguke mtaani ukikusanya kura zilizokwisha kujazwa.

MwanaUjiji:
Nimeelewa. Mmoja hakumbuki kabisa alijiandikisha kwa namba ipi. Afanyeje?

Karani_wa_Zamani:
Ajaze upya fomu ya *uandikishaji* (si ya kura ya posta) yenye namba zote mbili, aipeleke kwa mwandikishaji wa kaunti. Haimfuti, inaongeza namba kwenye faili lake. Afanye hivyo sasa, asingoje Oktoba. Na maombi yakikwama, ule ukurasa wa jimbo wa kufuatilia kura ya posta unaonyesha kasoro na unaruhusu kurekebisha namba hapohapo.

Juma_Lancaster:
Huku Pennsylvania tangu sheria ya 2019 hakuna kuulizwa sababu. Unaomba mtandaoni kwa leseni au sosho, mwisho saa 11 jioni Jumanne ya wiki moja kabla ya uchaguzi. Mtego wetu uko kwenye kurudisha: karatasi ya kura lazima iingie kwanza kwenye bahasha ya siri, ndipo iingie ya nje. Ukiruka ile ya ndani, kura haihesabiwi. Ya nje unatia sahihi na tarehe ya siku ile, si ya kuzaliwa.

Kwa maoni yangu Texas ingepunguza nusu ya kero kwa mambo mawili: maombi yakamilike mtandaoni, na mzee wa 65 akishaomba abaki kwenye orodha hadi atakapojitoa. Colorado wao wamevuka hata hapo, kila aliyejiandikisha anatumiwa karatasi bila kuomba.

MamaSalima:
Hadi hapo watakapobadilisha: bahasha ya kurudishia kura Texas ina mfuniko, na chini yake kuna nafasi ya namba zilezile mbili. Ukiufunga hazionekani, na ndiyo maana watu wanazisahau. Jazeni kabla ya kulamba gundi. Kila mtu na bahasha yake, mume na mke wasichanganye. Lengeni ifike kabla ya saa 1 jioni siku ya uchaguzi, si iwe imetumwa. Mzee akichelewa, anaweza kuipeleka kwa mkono yeye mwenyewe siku hiyo, ofisi ya karani, akiwa na kitambulisho. Mtoto wake hawezi kumpelekea.